Meza ya Wanne, Walaji Wawili

Mume wangu aliomba viza ya Uingereza mara mbili, na mara zote mbili Waingereza wakamnyima. Mara ya kwanza alisema karani amekosea. Mara ya pili alivua viatu akaenda kulala mchana kweupe, na huyo ni mtu ambaye sijamwona akilala mchana bila malaria. Mwingine angewachukia. Yeye alizidi kuwapenda. Ukimsikia anavyowatetea ungedhani ni sisi tuliowanyima wao.

Namwita Mwalimu kwa sababu kila mtu humwita hivyo, hata ndugu zake wa tumbo moja. Alifundisha Kiingereza hadi akastaafu. Alipokuwa mvulana katika shule ya misheni, mwalimu wake Mzungu alimkaribisha nyumbani siku moja akampa chai: kikombe chenye maua, kisahani chini yake, maziwa kando, na kipande cha keki juu ya sahani ndogo. Kikombe hicho kimoja, jamani! Nilikisikia wakati wa uchumba, nikakisikia baada ya harusi, na siku niliyokuwa leba na mtoto wa kwanza, nimeng'ang'ania kitanda kwa mikono miwili, Mwalimu alikuwa nje ya mlango anamsimulia daktari. Na mimi niliyempikia chai maisha yote ya ndoa yetu, maziwa na majani na tangawizi vikichemka pamoja kwenye sufuria mpaka rangi ikolee? Kila asubuhi anakunywa, anaongezwa, anaongezwa tena, anajifuta mdomo, kisha anasema kwamba kwa kweli hiyo si chai, ni uji wa majani. Haya bwana.

Mwaka wa 2017 binti yetu, kifungua mimba, ambaye anafanya kazi ya hesabu katika benki moja Johannesburg, alitutumia tiketi za ndege. Tulisafiri Septemba, kati ya kura ya kwanza na ile ya marudio, wakati Kenya nzima haikuwa na mazungumzo mengine, nami nikashukuru kupata nchi ambayo magomvi yake ya siasa hayanihusu. Mwalimu alipanda ndege na tai shingoni. Alikuwa na hamu moja, na haikuwa simba wala migodi ya dhahabu. Alikuwa amesoma mahali kwamba kaskazini mwa Johannesburg iko hoteli ya kizamani inayoandaa chai ya alasiri kama wanavyoandaliwa Waingereza wenyewe, na huko mlangoni hawaulizi viza.

Binti alikuwa amepanga nyumba Turffontein, upande wa kusini, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Jioni ya pili, baada ya kula ugali, ambao wenyeji wanauita pap, alizima televisheni akaketi chini kwenye zulia. Mtoto mzima akiketi chini namna hiyo, mama anajua kuna neno. Akasema ana mtu. Akasema ni Mkongo wa Likasi, mcha Mungu, na walikutana kanisani huko mjini, katika ibada ya Kiswahili inayofanyika juu kabisa katika jengo lililowahi kuwa duka la samani, ambako Wakongo ndio wanaoimba na Wakenya ndio wanaoshika sadaka. Walitaka kuoana.

Mwalimu akauliza kijana anafanya kazi gani. Binti akajibu kwamba ana saluni yake Malvern, kwenye barabara ya Jules. Mwalimu akauliza ni nani anayesuka katika saluni hiyo. Binti akatazama zulia, akasema ni yeye mwenyewe.

Hasira za mume wangu huja kwa Kiingereza. Ilitoka sentensi moja ndefu, sarufi yake safi kabisa, nukta mahali pake, na maana yake ilikuwa kwamba hakumsomesha mtoto mpaka chuo kikuu ili aje aolewe na mwanamume anayeshinda kutwa kucha vidole vikiwa ndani ya vichwa vya wanawake. Binti akalia. Mwalimu akaenda kusimama dirishani kutazama farasi, na farasi wenyewe hawakuwapo.

Nisijifanye malaika. Mimi nami sikufurahi. Saluni haikunisumbua, kazi ni kazi, bora mkono uende kinywani. Kilichonikata maini ni Likasi. Mimi nilitaka mkwe wa Kitale, au basi wa Eldoret, mahali ambapo nikisikia binti yangu anaumwa na jino nitapanda gari asubuhi na mchana nimeshafika, nimevaa leso, niko jikoni kwake. Likasi nitaifikaje? Na nikifika, nitakaa na mama wa watu tuzungumze nini, naye mila zake nisizijue wala yeye asizijue zangu? Basi nilinyamaza. Mama akinyamaza amesema, na binti alisikia vizuri sana, maana siku zilizofuata alikuwa ananipa chakula bila kunitazama.

Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa Mwalimu anajua jinsi Mwalimu anavyonaswa. Alimwambia baba yake kwamba ameshaweka nafasi ya chai ya alasiri, Jumamosi, katika hoteli ile ile ya ndoto zake. Uso wa Mwalimu ukang'aa. Kisha akaambiwa kwamba meza ni ya watu wanne. Alinuna mpaka taarifa ya habari ikaisha. Hatimaye akasema vema, atamwona huyo kijana mezani, kwa kuwa mezani ndipo malezi ya mtu yanapokosa pa kujificha. Jumatatu tulikuwa tunarudi nyumbani, na kabla ya kuondoka angetoa jibu lake, ndiyo au hapana.

Sisi tunaomjua tulielewa. Hapana ya Mwalimu ikishatoka mdomoni hairudi. Kuna mjomba wake aliambiwa hapana juu ya ng'ombe, wakazeeka wote wawili hawajazungumza tena. Na binti yangu, kwa jinsi tulivyomlea, asingeolewa bila baraka za baba yake. Alinitamkia hivyo jikoni, kwa sauti ndogo, akiosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Maisha yake yote yalikuwa yamewekwa juu ya sahani ya keki.

Ijumaa alitaka kunilainisha. Akaniambia mpenzi wake yuko tayari kunisuka, bure, ili nipendeze siku ya chai. Wee! Nilishika kilemba changu kwa mikono yote miwili. Mkwe anishike kichwa? Kwetu Bungoma mama na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawaketi karibu, hawapishani mlangoni, na zaidi ya yote hawali wakionana. Mama yangu alikuwa akimwona Mwalimu anaingia uani, anatokea mlango wa nyuma na kujitosa kwenye mahindi. Mwalimu naye alipelekewa kuku wake nyumbani kwa baba yangu mdogo, akamla huko peke yake kama mgonjwa wa tetekuwanga. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, kubwa kuliko kupiga magoti.

Binti hakuelewa hata neno, na si kosa lake. Alikulia Nakuru katika nyumba za walimu, na baba yake alikuwa amepiga marufuku mambo hayo yote akiyaita ushenzi. Mwacha mila ni mtumwa, nilikuwa namwambia Mwalimu. Naye hujibu kwamba mtumwa ni yule anayekimbilia mahindini. Nikamwambia binti amshukuru kijana, nywele zangu ziko salama. Baadaye ndipo nikagundua kwamba nimemwita mkwe, nami sikuwa nimekubali chochote. Nilijikasirikia.

Jumamosi tukaenda. Mwalimu alivaa koti lake la sherehe za kuhitimu na njia nzima alisoma kwenye simu kanuni za chai, akitusomea kwa sauti kila tuliposimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani kule. Kwamba maziwa hutiwa baada ya chai. Kwamba kijiko hakizungushwi, hupelekwa mbele na nyuma bila kugonga kikombe. Kwamba kuinua kidole cha mwisho ni ushamba wa watu wanaojifanya. Binti aliendesha gari akiitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba, na vidole vyake kwenye usukani vilikuwa vimekaza mpaka vimepauka.

Hoteli ilikuwa na mazulia ya maua, mapazia ya maua, viti vya maua, na picha kubwa za mbwa waliobeba ndege waliokufa midomoni. Mzee mmoja alikuwa anapiga kinanda polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Nilitupa macho chumba kizima nikitafuta Mwingereza, maana nilikuwa nimeahidiwa. Hapakuwa na hata mmoja. Mhudumu wetu alikuwa Mzulu. Mpishi, tuliambiwa, ni wa Bulawayo. Meneja Mhindi wa Durban. Meza ya jirani walikuwa akina dada wa Soweto wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao, na hakuna keki waliyoila kabla ya kuipiga picha. Mwingereza pekee mle ndani alikuwa mume wangu, wa Bungoma.

Kijana alikuwa ametangulia kufika. Alikuwa mrefu, suti ya buluu iliyomkaa hasa, viatu vya kumulika, na Mwalimu alimkagua kuanzia viatuni kwenda juu kama gwaride la Jumatatu shuleni. Alimsalimu Mwalimu kwa mikono miwili, akamwita papa. Mimi hakunisogelea. Alisimama mbali, akaweka mikono kifuani, akakunja goti kidogo, macho kwenye zulia, akasema taratibu, jambo mama. Nilidhani ni haya. Mwalimu hakuona hata hilo, kwa sababu alikuwa ameshapewa orodha ya chai na anaifuatisha kwa kidole kama Maandiko.

Tuliketi. Meza ilikuwa duara, lakini kijana alikizungusha kiti chake kidogo kidogo mpaka akawa amemwelekea mpiga kinanda, bega ndilo likawa upande wangu. Binti alimnong'oneza akae vizuri. Akasogea kwa unene wa ukucha.

Kikaja kinara cha fedha chenye sahani tatu, moja juu ya nyingine, ghorofa kabisa. Chini sandwichi, katikati skonzi, juu vikeki ambavyo nisingempa mgeni wangu nyumbani nisije nikasemwa. Nikaangalia sandwichi. Ndani yake mlikuwa na tango. Tango basi, limekatwa jembamba mpaka unaona upande wa pili, na mkate wenyewe umenyolewa maganda pande zote nne. Sisi tunaowapa watoto tango wakiwa wanasubiri chakula, kumbe tulikuwa tunawaandalia karamu. Mwalimu alikuwa na machozi machoni, wallahi si uongo. Akatueleza kwamba huanza chini na kupanda juu, kwamba skonzi haikatwi kwa kisu, huvunjwa, na kwamba Waingereza wenyewe wamegawanyika vibaya sana kama jamu itangulie au krimu itangulie. Nikafikiri kwamba watu wasio na shida nyingine Mungu huwapa hiyo. Kisha akainua kikombe chake, na kile kidole cha mwisho kikasimama wima.

Alikula. Binti akala kidogo, kwa wasiwasi. Mimi sikugusa kitu. Si kwa kiburi, wala si kwa sababu ya tango. Mkono ulikataa. Mwanamume anayetaka binti yangu ameketi pale, nikifungua kinywa atanionaje natafuna? Nilikunja mikono mapajani nikasema nasubiri chai ipoe. Mwalimu ananijua kwa ukaidi, akaachana nami.

Lakini kijana naye hakula. Sahani yake ilikaa mbele yake nyeupe, safi. Mwalimu akamsogezea kinara. Kijana akashukuru, akatulia. Mwalimu akamwambia ajisikie nyumbani. Kijana akashukuru tena. Mara ya tatu Mwalimu akamwekea sandwichi kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe, na hapo kijana akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili chao cha Katanga, "Nilisha kula, papa."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Katika nyumba zetu, mtu akikataa chakula chako amekukataa wewe na mlango wako. Akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani kama nimesikia. Kijana amealikwa karamu, amekuja ameshiba. Ameshiba kwa nani? Binti, ambaye lugha hiyo anaisikia vizuri, akampiga kijana teke chini ya meza. Lilinipata mimi.

Tukakaa hivyo. Mwalimu alimwuliza mambo ya shule, ya baba yake, ya makaratasi yake ya kuishi nchini, naye alijibu yote kwa adabu akimtazama mpiga kinanda. Kadiri alivyojibu kwa adabu ndivyo Mwalimu alivyozidi kukunja uso, maana alishaamua kwamba adabu hiyo ni dharau iliyopigwa pasi. Niliona binti yangu anavyomeza bila kuwa na kitu mdomoni. Nikasema moyoni, yamekwisha, na sehemu moja ya moyo wangu, ile iliyokuwa inaogopa Likasi, ikapumua.

Njaa nayo haina ukwe. Nilikuwa sijaweka kitu tumboni tangu asubuhi, kwa kuambiwa niache nafasi ya karamu. Nilifunika sandwichi kadhaa kwa kitambaa, nikaziingiza mkobani, nikaaga kwamba naenda kunawa. Kwenye ujia wa vyooni, chini ya picha ya farasi mwenye dharau, nilisimama nikaelekea ukuta nikazila zote. Zilikuwa na ladha ya maji. Mwanamke mmoja mzee, Mzungu, akapita, akaniona, akaniamkia kwa upole mwingi wa kumwonea mtu huruma. Nikamwitikia mdomo umejaa.

Nikarudi. Nilipofika mlangoni nikasimama. Mwalimu hakuwa mezani. Mhudumu alikuwa amempeleka kwenye kabati la ukutani kumwonyesha makopo ya majani ya chai, naye ananusa moja baada ya jingine, mgongo ameuelekeza kwetu. Na yule kijana, yule aliyeshiba, alikuwa ameinamia sahani. Skonzi moja iko shavuni, nyingine iko mkononi, vikeki viwili vimeshapotea, anatafuna kwa haraka ya mtu anayekimbizwa. Binti yangu alikuwa anamtazama kinywa wazi.

Akainua macho akaniona.

Aliacha kutafuna. Akameza lile donge zima zima, machozi yakamtoka, akakificha kipande kilichobaki chini ya kitambaa, akageukia kinanda, mikono magotini. Aliona aibu hasa. Hiyo si aibu ya mwizi. Naijua aibu hiyo, nilikuwa nimetoka kuiona chini ya picha ya farasi.

Kumbe! Kijana hakuwa ameshiba. Alikuwa anakufa njaa. Alikuwa ameketi mbele ya ghorofa tatu za chakula, amevaa suti yake nzuri, anatukanwa na baba wa mpenzi wake kwa lugha asiyoielewa lakini sura yake inaeleweka, anameza mate, na yote hayo kwa ajili yangu. Hiyo Likasi niliyokuwa naiogopa, kumbe huko nako mama mkwe hukimbilia mahindini. Moyo wangu ulinigeuka pale pale mlangoni. Sikuwa nimewahi kuheshimiwa namna ile na mtu yeyote, hata na niliowazaa.

Nikaenda nikaketi. Sasa utasema, si ungemnong'oneza mumeo? Neno hilo halina nusu. Nikisema kijana hali kwa sababu mimi ni mama mkwe wake, basi nimeshakuwa mama mkwe wake, binti nimeshamtoa, na Likasi haijasogea karibu hata kidogo. Kijana naye asingeweza kulisema. Hajaleta wazee, hajaleta hata mbuzi. Mtu hajiiti mkwe, huitwa. Binti ndiye angesema, na binti hajui, kwa kuwa tulimlea asijue. Na Mwalimu, aliyekula kuku wake peke yake kwa baba yangu mdogo, alikuwa ametumia maisha yake yote kujifunza kanuni za meza ya watu wengine mpaka za kwao akazisahau.

Mwalimu akarudi, amefurahi kwa harufu za makopo. Akaketi. Akatazama sahani ya kijana, ambayo sandwichi aliyoiweka kwa mkono wake bado ilikuwa pale pale, haijaguswa. Furaha ikamtoka. Akajifuta mdomo polepole, kona kwa kona, akakikunja kitambaa. Safari hii hakutumia Kiingereza wala lugha ya nyumbani, alitumia Kiswahili, ili kila mtu pale mezani amwelewe.

"Kijana, nimekukaribisha mezani kwangu, hukutaka hata kuonja. Nilichotaka kukiona nimekiona." Akamgeukia binti. "Na wewe ulitaka jibu langu. Heri nikupe sasa kuliko nikupe uwanja wa ndege."

Binti yangu hakulia. Alishika ukingo wa meza akasubiri, macho amefumba, jinsi alivyokuwa akisubiri sindano zahanati alipokuwa mdogo. Nilijua neno linalokuja, na nilijua kwamba likishatoka hata mimi sitaweza kulirudisha. Nilikuwa bado naiogopa Likasi. Naomba hilo lieleweke. Niliiogopa nikiwa naketi, nikaiogopa nikiwa nasimama.

Maana nilisimama. Nilichukua kikombe changu, nikachukua skonzi nikaiweka kwenye sahani yangu, nikaondoka. Nilipita katikati ya chumba kile cha maua mpaka kwenye meza tupu iliyokuwa kando ya ukuta, nikavuta kiti, nikakigeuza, nikaketi nimewapa mgongo. Akina dada wa Soweto wakaacha kupiga picha. Kinanda kikasita. Mhudumu akaja mbio, akasema eish, mama, kuna tatizo la huduma? Nikamwambia hakuna, nataka kula tu. Akanitazama, akatazama kule nilikotoka. Kisha, bila kuniuliza tena, akakishika kiti changu akakigeuza zaidi, mpaka nikawa nimeelekea ukuta kabisa.

Nikamsikia Mwalimu. Kwanza alianza kwa Kiingereza, kikamkwama. Akasema, "Mama, rudi mezani. Watu wanatutazama."

Sikugeuka. Nilisema kwa sauti ya kutosha chumba kizima, hata kama ni wanne tu walioelewa Kiswahili, nikiwemo mimi. "Siwezi, Mwalimu. Mkwe wangu ana njaa."

Kutoka hapo sina nilichokiona, nasimulia nilichosikia. Nilisikia kiti kinalia, mtu amejisogeza. Nilisikia binti yangu anauliza, Baba, ana maana gani Mama? Mwalimu alikohoa. Akakohoa tena. Sijui alikuwa wapi wakati huo. Labda alikuwa ameketi peke yake nyumbani kwa baba yangu mdogo, kijana, suruali mpya, mbele ya kuku mzima, akisikia mahindi yanavyochakachaka nje na kujua kuwa amekubaliwa. Kilichukua muda. Mume wangu ni mtu wa kuelewa polepole akiwa anatoka mbali.

Kisha nikasikia kinara cha fedha kinasukumwa juu ya kitambaa cha meza, na sauti ya Mwalimu, ndogo, haina nukta wala sarufi.

"Kula, mwanangu. Mama yako hakuoni."

Nikasikia uma unagusa sahani. Nikasikia unagusa tena, taratibu kwanza, halafu kwa bidii. Na hapo ndipo binti yangu alipoelewa, maana alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, katikati ya kicheko na kilio, na baba yake akamwambia anyamaze amwache mtu ale.

Nilitaka kugeuka. Mungu ni shahidi, shingo yangu yote ilitaka kugeuka. Lakini kijana alikuwa anakula. Nilivunja skonzi yangu, nikaila nikitazama ukuta, machozi yanaingia kwenye jamu, nikimsikiliza binti yangu nyuma yangu akifurahi. Siku niliyompa mume, uso wake sikuuona.